Gauni la Tipwa

Gauni lilitundikwa ukutani mwa kibanda cha ushonaji, juu kidogo ya cherehani, mahali ambapo mafundi wengine huweka kalenda. Lilikuwa gauni la pamba laini, la maua ya zambarau, pana kiasi cha kuhitaji misumari miwili iliyopigiliwa mbalimbali ili mabega yake yasianguke. Wapita njia waliliona tangu ng'ambo ya barabara. Waliolijua walitabasamu na kupita zao. Wasiolijua waliingia kuuliza ni la nani, na mwenye kibanda, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akilishona, aliwajibu, "Langu."

Hapo ndipo ilipokuwa raha yake. Mgeni alimtazama fundi, mwanamke mwembamba wa shingo ndefu, akalitazama gauni, kisha akamtazama fundi tena.

"Lako wewe? Acha utani."

"Litungue ujaribu."

Siku moja waliingia wawili, karani wa benki na shoga yake anayeuza maziwa, wakalivaa kwa pamoja, kila mmoja na mkono wake, na bado nafasi ya mtu wa tatu ikabaki. Walicheka mpaka karani akashika mbavu. Kabla ya kutoka, kila mmoja aliagiza sketi, na kila mmoja aliuliza swali lilelile ambalo wote huuliza: "Fundi, ulifanyaje?" Naye akawaeleza, kwa mara ya mia sijui ngapi, jinsi alivyokunywa chai kavu miaka miwili huku mumewe na bintiye wakila mbele yake, alivyotembea kila alfajiri mpaka machimbo ya mawe na kurudi, na alivyopanda kila Jumamosi kwenye mizani ya duka la nafaka, wapakiaji wakimpigia makofi kila mshale ulipoteremka.

Walimwita Tipwa. Alipewa jina hilo utotoni kwa sababu alikuwa mnene tipwatipwa, nalo likamganda. Mwili ulipungua, jina likakataa. Hakujali sana, maana jina nalo lilikuwa ushahidi. Wapo waliokwisha kunong'ona kwamba wembamba ule si bure, kwamba mtu hapungui nusu yake akiwa mzima. Gauni la ukutani lilikuwa jibu lake kwa hao wote, na kila aliyelivaa akacheka alitoka akiwa shahidi wa upande wake.

Wageni walipoondoka, bintiye alishika ufagio kukusanya vipande vya vitambaa. Alikuwa msichana mkubwa tayari, mwenye umbo lilelile la mama yake wa zamani, na kazi yake kibandani ilikuwa vifungo na pasi. Alifika chini ya cherehani akasimama.

"Mama, mashine inavuja mafuta."

"Mashine hii? Nimeitia matone mawili tu asubuhi."

Binti aliinama, akagusa pedali kwa kidole, akakitazama kidole. "Siyo mafuta."

Tipwa alikanyaga pedali pekupeku. Ndivyo alivyofundishwa ujanani mwake na mama mmoja aliyeamini kwamba fundi anayevaa viatu hasikii mashine yake. Unyayo ndio unaojua uzi unataka kukatika kabla jicho halijajua. Sasa alipandisha mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, jambo ambalo wakati wa lile gauni asingeliweza hata kwa kusaidiwa, akaona. Karibu na kidole gumba palikuwa na kitu cheupe, cha mviringo, kimelala sawasawa na ngozi. Kilikuwa kichwa cha pini. Pini yenyewe ilikuwa ndani yote.

Aliing'oa kwa kucha. Ilitoka polepole, ndefu, na haikuuma hata chembe.

"Haikuumi?" binti aliuliza, uso umemkunjamana.

"Wala. Mguu wa fundi huu, umekomaa." Akafuta damu kwa kipande cha bitana, akarudisha mguu kwenye pedali. Kusema kweli alifurahi kwamba hauumi. Lau ungeuma, labda angeogopa mapema. Lakini kwa miaka yote ya unene Tipwa hakuwahi kuuona unyayo wake mwenyewe. Tumbo lilimzuia, akazoea kuishi bila kuujua. Siku hizi angeweza kuutazama kila asubuhi kama angetaka. Hakuwa na mazoea hayo tu.

*

Mumewe alikuwa mpaka rangi wa majumba. Kila jioni alirudi nyumbani na madoa kwenye nyusi, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha akakaa kula. Miaka ya kukaa na mikebe ya rangi ilikuwa imemuua pua. Aliweza kulala kando ya jalala akaamka akisifu hewa. Alikuwa mtu wa mzaha, mpenda mkewe, na tangu mkewe apungue alikuwa ametembea mitaani kama aliyefunga ndoa ya pili bila kugharimika.

Jioni moja, wiki ya pili baada ya ile pini, dada yake alikuwa amekuja kutembea. Mwanamke huyu alikuja mara mbili kwa wiki, alikaa karibu na mlango, na hakuna kilichopita mbele ya macho yake bila kupekuliwa.

"Wifi," alisema huyo dada, Tipwa alipopita na birika, "mbona unachechemea?"

"Kiatu kinanibana."

"Kikubane wewe? Si umepungua mpaka vidole?"

Mpaka rangi alicheka. "Mwache mke wangu. Hao wembamba ndivyo wanavyotembea, kwa madaha."

"Mimi sicheki, kaka. Nimenyamaza siku nyingi." Wifi alishusha kikombe. "Wembamba nao una maradhi yake. Mimi najua hajaugua, lakini watu wanasema. Jana tu kwenye foleni ya maji nimegombana na mtu kwa ajili yake. Sasa wakimwona anachechemea, mimi nitawaambia nini?"

"Waambie waje kibandani walivae gauni," alisema Tipwa.

Alisema kwa sauti ya kawaida, akamimina chai bila kumwaga tone. Lakini moyoni mlimchoma. Alikuwa na siku kumi na zaidi sasa na kile kitundu, na hakikuwa kitundu tena. Kilikuwa na midomo. Asubuhi ile alikuwa amekifinya, kikatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na nyama ya pembeni ilikuwa imevimba, yenye joto, nyekundu mpaka juu ya mguu. Hata hivyo hakikuuma. Alikuwa amejiambia kwamba kidonda kisichouma ni kidogo.

Kulikuwa na kadi ya kliniki mahali fulani kabatini. Wakati wa unene walimgundua ana sukari, wakampa kadi, vidonge na maonyo: asitembee bila viatu, atazame nyayo kila siku, aje kila baada ya miezi mitatu. Alikwenda. Alipokuwa amepungua nusu ya safari, sukari ilishuka ikakaa mahali pake, wakampunguzia vidonge, na muuguzi akamwambia aendelee kuja vilevile. Alipomsimulia mumewe, mumewe aliichukua ile kadi akaigeuzageuza. "Hii ni ya yule mwanamke wa gauni," alisema. "Wewe humjui. Wewe ni msichana, kliniki ya nini?" Walicheka wote wawili. Kadi ikaingia chini ya mashuka, na Tipwa hakurudi tena kwenye lile benchi la wagonjwa ambako kila mtu alimwona anavyokaa.

Sasa, kwa maneno ya wifi, mlango wa kliniki ulikuwa umefungwa kwa kufuli jingine. Kwenda kungekuwa kuwapa watu neno. Kesho yake alichukua bitana nyeupe, akakata ruwaza ya mguu wake kwa macho tu, akashona soksi yenye tabaka nne chini na kamba ya kufungia kwenye kifundo. Ilikuwa kazi safi. Mshono wote uligeuzwa nje ili usimkwaruze. Binti alipouliza, alimwambia sakafu ina baridi.

*

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Shule moja ya jirani ilikuwa imempa Tipwa kazi ya sare, sketi na mashati ya watoto wa darasa la kwanza, na ile ilikuwa kazi aliyoiomba miaka mitatu mfululizo bila kupata. Mwalimu mkuu wa zamani alikuwa amemtazama kwenye kiti, akatazama kiti, akampa kazi fundi mwingine. Huyu mpya alimpa siku ileile aliyoingia kibandani na kuliona gauni. "Mtu mwenye nidhamu ya namna hii hawezi kunichelewesha," alisema. Kwa hiyo Tipwa hangechelewesha. Alikata kola asubuhi, akashona mchana, na jioni aliondoka mwisho.

Katikati ya wiki ya pili ya kazi hiyo alianza kusikia baridi. Ilimjia mchana, jua likiwaka bati la kibanda, akashona huku akitetemeka, khanga imefungwa kifuani. Mashine ilikimbia kombo. Alifumua mashati matatu kwa siku moja, kitu ambacho hakijawahi kumtokea tangu awe mwanafunzi.

Kisha ikaja harufu.

Aliyeitaja kwanza ni yule karani wa benki, aliyekuja kuchukua sketi yake. Aliijaribu, akajigeuza mbele ya kioo, akasimama ghafla na kuweka mkono puani.

"Fundi, samahani. Humu kuna panya amekufa."

Tipwa alihisi uso ukimwaka. "Nadhani," alisema. "Wanapenda sana mabaki ya vitambaa."

"Mtafute, jamani. Utatupoteza wateja."

"Tumetega."

Hakuna aliyekuwa ametega. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na binti, aliyelisikia, aliona aibu kwa niaba ya kibanda. Jioni alimwambia baba yake. Mpaka rangi akaja na mtego na kipande cha mkate, akautega nyuma ya majora ya vitambaa, akanusa hewa kwa bidii ya mtu asiyenusa kitu. "Mimi sisikii," alisema, "lakini mkisema yupo, yupo." Kesho yake mtego ulikuwa mtupu. Wakauhamisha. Tipwa alinunua ubani akauchoma, akanyunyiza manukato kwenye pindo la gauni alilovaa, na harufu zote tatu zikakaa pamoja ndani ya kile chumba cha bati. Mteja mwingine alisimama mlangoni, akazungumza kutoka nje, akasema atarudi. Mwalimu mkuu mwenyewe alipita kuangalia sare. Hakuitaja harufu, ila alitoa leso na kuishika puani muda wote aliozungumza, akaondoka kabla ya kuonyeshwa sketi.

"Leo lazima apatikane," alisema binti baada ya mwalimu kuondoka, karibu alie. "Anatuaibisha huyu panya."

Akatoa majora yote nje. Akavuta kabati. Akafagia kona, akamulika kwa tochi ya simu nyuma ya mbao. Mama yake aliendelea kushona, mgongo umenyooka, macho kwenye sindano. Hatimaye ilibaki sehemu moja tu. Binti alipiga magoti, akainamisha mwili wake mzito, akaingiza kichwa chini ya cherehani na ile tochi.

Pedali ilisimama.

Nje mtu alikuwa akiita wateja wa viazi.

"Umemwona?" Tipwa aliuliza.

"Mama," binti alisema kutoka chini, sauti imebadilika. "Hakuna panya."

Binti alifungua kamba ya soksi. Tabaka la kwanza lilitoka, la pili lilikuwa limeganda. Tipwa alimtazama kutoka juu, utosi wa mtoto wake mwenyewe, akaona hana nguvu ya kumkataza. Mguu ulikuwa umefanya weusi kuanzia kidole gumba mpaka katikati, na kile kilichokuwa kitundu cha pini kingeweza sasa kumeza kifungo cha koti.

"Inakuuma?"

"Haiumi, mwanangu," alisema Tipwa, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilimtisha yeye mwenyewe. "Haiumi hata kidogo."

*

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na macho ya mtu aliyekesha. Alikisafisha kile kidonda yeye mwenyewe, akaingiza chuma chembamba mpaka kikagonga kitu kigumu, akakitoa. Mpaka rangi alisimama kando ya kitanda akiwa na kofia yake ya kazi mkononi. Dada yake alikuwa amekaa nje kwenye korido na binti.

"Kimefika kwenye mfupa," alisema daktari. "Na sumu imeanza kuingia kwenye damu. Ndiyo hiyo baridi unayoisikia, mama."

"Nipeni dawa za kukausha," alisema Tipwa. "Nina sare za watoto."

"Tutakupa dawa. Lakini mguu huu hauwezi kubaki. Tukiukata leo chini ya goti, goti unabaki nalo. Tukingoja, siwezi kukuahidi goti, wala uhai wako."

Mpaka rangi alikohoa. "Daktari, labda hujaelewa. Huyu hana ugonjwa. Zamani alikuwa mnene, alikuwa na sukari. Ameshapona. Mwangalie! Nyumbani tuna gauni lake, ungeliona…"

"Nimeona kipimo. Sukari yake leo imepanda kwa sababu ya kidonda. Kabla ya hapo naamini ilikuwa nzuri. Amefanya kazi ambayo wengi wameshindwa, na inamfaa, moyo wake utamshukuru." Daktari alivuta kiti, akakaa, akamgeukia Tipwa mwenyewe. "Ulikuwa mnene miaka mingapi, mama?"

"Yote. Mpaka juzi hapa."

"Basi sikiliza. Mafuta yakijaa mwilini miaka mingi, mwili unayachukulia kama jeraha. Zile chembe za damu zinazotulinda, askari wetu wa ndani, zinaamka na kupigana, ingawa adui hayupo. Unakuwa na kitu kama moto wa chinichini, mchana na usiku, usiousikia. Ukipungua, mafuta yanaondoka. Askari hawaambiwi. Wengi wao wanabaki na tabia waliyojifunza, kwa miaka, na hatujui vizuri ni mingapi. Pasipo na vita wanafanya fujo. Panapokuja vita vya kweli, kama hii pini, wanavimbisha, wanaharibu, lakini hawafungi kidonda. Na ile sukari ya zamani ilishaua mishipa ya fahamu ya nyayo. Ndiyo maana hukusikia. Ndiyo maana tunawaambia muendelee kuja hata mkipungua."

Tipwa alikuwa akitazama ukingo wa shuka la hospitali, ambalo pindo lake lilikuwa limefumuka.

"Kama nguo iliyopunguzwa," alisema mwishowe. "Unafumua mshono wa zamani, unashona mpya kwa ndani. Mtu akiivaa anapendeza. Lakini matundu ya sindano ya kwanza yanabaki kwenye kitambaa. Hata uipige pasi vipi."

"Ni hivyo hasa," alisema daktari.

"Kwa hiyo nilijinyima bure."

"Hapana. Ungekuwa bado vile, labda tungezungumza haya mapema zaidi. Lakini hukupona, mama. Ulipungua. Nani alikwambia uache kliniki?"

Mpaka rangi alikuwa ameikunja kofia yake mpaka ikawa kama kitambaa cha kufutia brashi. Uso wake, ambao siku zote ulikuwa tayari kwa mzaha, ulilegea.

"Mimi," alisema. "Nilimwambia kadi ni ya yule mwanamke mwingine."

"Tulicheka wote," alisema Tipwa.

"Mimi ndiye niliyesema."

"Na mimi ndiye niliyecheka. Acha hayo, baba. Weka sahihi."

Aliweka sahihi akiwa amesimama, machozi yakimdondoka bila sauti na kuchanganyika na madoa ya rangi nyeupe mikononi. Nje kwenye korido dada yake alisikia neno "kukata" kupitia mlango, akaanza kulia kwa sauti, mpaka muuguzi akaja kumtoa uani.

*

Sare zilimalizwa na fundi mwingine, yuleyule aliyezipata miaka ya nyuma. Mwalimu mkuu alituma pole kwa mdomo wa mzazi mmoja. Binti alifungua kibanda kila siku, akashona vifungo na kutia viraka, akiwa amevaa viatu vya kufunga, na wateja walipomuuliza habari za mama alisema anaendelea. Harufu iliondoka baada ya kibanda kupigwa maji na sabuni mara tatu. Mtego wa panya alikuwa bado hajautoa. Hakuwa na moyo wa kuushika.

Wifi alikuja sasa kila siku. Hakukaa tena karibu na mlango. Alimwogesha Tipwa, akamfunga kile kigutu kama alivyoonyeshwa hospitalini, akafua vitambaa. Siku moja, akiwa amepiga magoti na beseni, alisema bila kuinua uso:

"Wifi, huu ulimi wangu…"

"Ulimi wako haukunichoma pini."

"Ulikuzuia kwenda."

Tipwa alifikiri. Angeweza kusema hapana, na ingekuwa heri kwa wote wawili. "Ulinizuia kidogo," alisema. "Kingine nilijizuia mwenyewe. Haya, maji yanapoa."

Alikuwa hajalia bado. Watu walimsifu kwa hilo, kama walivyomsifu kwa mengine. Alilia siku moja tu, mchana, peke yake, na kilichomliza si mguu. Alikuwa amekaa kitandani akijaribu nguo. Magauni yake yote mapya, aliyojishonea mwenyewe kwa furaha ya kupungua, yalikuwa mafupi na ya kubana, yakiishia katikati ya muundi, maana alitaka watu waione miguu yake ambayo haikuwahi kuonekana. Sasa hakuna hata moja lililomficha. Alilivaa moja, akalivua, akavaa la pili, kisha akalilaza usoni na kulia ndani yake.

Siku ya kwanza ya kliniki ilipofika, alimwambia binti apite kibandani kwanza.

"Ukanitungulie lile gauni."

"Lipi?" Binti alijua lipi. "Mama, lile?"

"Jingine refu lipo?"

Binti alipanda juu ya kiti akalitoa. Misumari miwili ilibaki ukutani, na katikati yake mraba wa bati ambao haukuwa umepauka na jua. Alipolileta nyumbani, Tipwa alilivaa. Lilimmeza. Alijifunga mkanda wa khanga kiunoni, likajikusanya mikunjo mingi mbele na nyuma, na pindo likafika chini kabisa, likaburura sakafu. Alijitazama kwenye kioo kwa muda. Mguu haukuonekana.

Kliniki ilijaa, kama ilivyojaa siku zote. Watu wanene na wembamba walibanana kwenye benchi refu, kadi mikononi. Tipwa alikaa mwishoni, magongo yamelazwa chini ya benchi, na bintiye akakaa kando yake akiwa na kadi yake mpya mwenyewe, ya kwanza, ambayo mama yake alimlazimisha kuikata pale dirishani. "Utakuja hata ukiwa kijiti," alikuwa amemwambia. "Utakuja hata wakikucheka."

"Anayefuata!" aliita muuguzi, macho kwenye meza yake.

Mizani ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye benchi. Binti alimshika mama yake kiunoni, akamnyanyua, wakaenda hivyo hivyo wawili pamoja, Tipwa akirukaruka ndani ya gauni. Alipanda. Binti alimwachia bega tu la kushika. Muuguzi, msichana mpya ambaye hawakuwahi kumwona, aliinama kusoma namba, akaandika, akafungua ukurasa wa nyuma wa kadi, akashtuka.

"Ngoja kwanza." Alisoma tena. "Mama, hii kadi ni yako kweli? Mara ya kwanza hapa wameandika kilo mia na ishirini na nane."

"Ni yangu," alisema Tipwa.

"Na leo hamsini na tisa!" Muuguzi aliinua uso, akauona ule upana wa gauni uliofungwa kwa mkanda, akashika kikunjo chake na kukivuta pembeni ili wote waone. "Jamani, mnamwona mwenzenu? Mnakuja hapa kila siku kunidanganya eti hamwezi. Mwigeni huyu! Hongera sana, mama."

Benchi zima liligeuka. Mtu alipiga makofi, wengine wakafuata. Mwanamke mmoja mnene, mwenye uso wa upole na jasho shingoni, alijivuta mbele akauliza kwa shauku, "Dada, ulifanyaje?"

Binti alifungua kinywa. Tipwa alimbinya bega, akakifunga.

"Nilijinyima," alisema.

"Mungu akubariki," alisema muuguzi, akimrudishia kadi, tayari anatazama jina linalofuata. "Ila safari nyingine, mama, ukipanda kwenye mizani uvue viatu. Viatu vinaongeza uzito."

Tipwa alitazama chini, kwenye pindo la maua ya zambarau lililotanda juu ya mizani.

"Nimevaa kimoja tu," alisema.